Linux Imegoma Kuwaka: Tafuta Ilipokwama Kabla ya Kufomati

Kompyuta ya Linux ikigoma kuwaka, wengi hukimbilia flashi na kusakinisha upya. Mara nyingi hakuna haja. Tangu ubonyeze kitufe hadi uandike nenosiri, kazi hupita mikono kadhaa. Femwea ya mazabodi (programu iliyo ndani ya bodi kuu yenyewe) hutafuta kipakizi, yaani GRUB. GRUB hupakia keneli, yaani kiini cha Linux, pamoja na mfumo mdogo wa muda unaoitwa initramfs. Huo mfumo mdogo hutafuta patisheni (sehemu ya diski) yenye Linux yenyewe, halafu systemd, programu mama ya mfumo, huwasha huduma. Ni kama mbio za kupokezana vijiti: aliyeangusha ni mmoja, na waliomtangulia ni wazima. Kitu cha mwisho kuonekana kwenye kioo ndicho kitakachokuambia ni nani.

Maelezo haya yanafuata Debian 12 na Ubuntu kwenye kompyuta za Intel na AMD za biti 64. Fedora hutofautiana kwa majina ya amri chache, nayo yametajwa panapohusika.

Vitu vya kuandaa

Unahitaji flashi ya GB 8 yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa (toleo la live). Itengeneze kwenye mashine nyingine:

lsblk
sudo dd if=debian-live.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Badala ya sdX weka jina la flashi lililotokea kwenye lsblk, bila namba ya patisheni mwishoni. Soma jina hilo mara mbili. Amri ya dd haiulizi swali. Ukikosea herufi moja inafuta diski ya mashine uliyoazima. Kwenye Windows tumia Rufus.

Cha pili ni simu ya kupigia picha kioo. Ujumbe wa hitilafu hupita haraka, na "iliandika kitu kama error" hakimsaidii fundi yeyote.

Cha tatu ni kujua namna ya kufikia menyu ya GRUB, maana sehemu kubwa ya matengenezo huanzia hapo. Kwenye mashine ya UEFI (femwea ya aina mpya) gusa Esc mara moja baada ya nembo ya mtengenezaji kutoweka. Kwenye BIOS ya zamani shikilia Shift. Ukigusa Esc mara nyingi utatupwa kwenye mstari wa "grub>". Hujaharibu kitu: andika normal, bonyeza Enter, kisha gusa Esc mara moja tu.

Hatua ya 1: Kioo cheusi, hata nembo hakuna

Hapa Linux haina kosa, kwa sababu bado haijaguswa. Prosesa ikipata umeme husoma kwanza femwea iliyo kwenye chipu ya mazabodi. Femwea hupima RAM, huamsha kadi ya picha na kibodi, ndipo huchora nembo. Feni ikizunguka bila nembo, chomoa RAM, safisha meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha kipande kimoja na ujaribu, kisha kingine. Kwa laptop, toa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, halafu washa kwa chaja peke yake. Milio ya bip ihesabu uitafute kwa modeli ya mashine, kwa kuwa kila mtengenezaji ana hesabu yake.

Usiisahau betri ndogo ya saa, CR2032 ya volti 3. Kwenye kompyuta za mtumba mara nyingi imekwisha. Dalili ya kwanza ni saa kurudi nyuma miaka kadhaa: tovuti zinakataa kufunguka kwa madai ya cheti kibovu, na apt inalalamika kwamba orodha zake "not valid yet". Dalili ya pili huumiza zaidi: mipangilio ya femwea inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Mpangilio wa diski uliokuwa AHCI unaweza kugeuka RAID (ni namna mbili za kuendesha diski), Linux ikashindwa kabisa kuiona diski, na mtu akaamini diski imekufa. Kwa hiyo kabla ya kununua diski mpya, ingia kwenye mipangilio ya femwea (F2, Del, F10 au Esc kulingana na mashine), angalia tarehe, kisha angalia mpangilio huo.

Hatua ya 2: Nembo imetokea, halafu "No bootable device", au mashine inaingia Windows moja kwa moja

Femwea imemaliza kujipima na sasa inatafuta wa kumkabidhi kazi. Hutafuta kwa njia mbili tofauti, na ni lazima ujue mashine yako inatumia ipi. Washa kwa flashi, fungua dirisha la amri, andika:

ls /sys/firmware/efi

Folda ikiwepo, umewaka kwa UEFI. Ikikosekana, umewaka kwa BIOS. Flashi hiyohiyo inaweza kuwaka kwa njia zote mbili, kwa hiyo kwenye menyu ya kuchagua kifaa chagua ile inayolingana na Linux iliyo kwenye diski.

BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu: 446 za programu, 64 za jedwali la patisheni nne, na 2 za alama ya 55 AA. Baiti 446 hazitoshi kuandika programu inayoweza kusoma folda. Ndiyo maana GRUB huweka hapo kipande kidogo ambacho kazi yake ni kuita kipande kikubwa kilichofichwa kwenye nafasi tupu kabla ya patisheni ya kwanza. Programu nyingine ikiandika juu ya nafasi hiyo, Linux haiwaki ingawa faili zako zote zipo salama. Diski yenye jedwali la GPT haina nafasi hiyo tupu, kwa hiyo BIOS juu ya GPT inahitaji patisheni maalumu ya MiB 1 isiyo na mfumo wa faili ndani yake. Wengi huifuta wakidhani ni takataka.

UEFI haihitaji ufundi huo. Inajua kusoma FAT, kwa hiyo hufungua patisheni ndogo ya FAT32 (Linux huiweka /boot/efi) na kuendesha faili iliyoandikwa kwenye orodha iliyo ndani ya mazabodi. Orodha hiyo isome hivi:

sudo efibootmgr

BootCurrent: 0003
BootOrder: 0000,0003
Boot0000* Windows Boot Manager
Boot0003* debian

Hapo Windows imetangulia. Rekebisha foleni:

sudo efibootmgr -o 0003,0000

Kama mstari wa debian au ubuntu haupo kabisa, itabidi GRUB isakinishwe upya kwa utaratibu ulio chini, kwenye sehemu ya kuingia kwa flashi. Zipo pia femwea zinazopuuza orodha na kujua njia moja tu, \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Kwa hizo ongeza --force-extra-removable kwenye grub-install ya Debian, na nakala itawekwa hapo.

Secure Boot, kinga ya femwea inayokubali programu zenye saini tu, ina mkasa wake. Femwea hukagua saini ya shim (programu ndogo inayotangulia GRUB), shim hukagua GRUB, GRUB hukagua keneli, keneli hukagua moduli, yaani vipande vyake vya ziada. Mwezi Agosti 2024 sasisho la Windows lilizifungia shim za zamani, na mashine nyingi zenye mifumo miwili zikaanza kuonyesha "Verifying shim SBAT data failed" na kujizima. Tiba: zima Secure Boot kwenye femwea, ingia Linux, andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, anzisha upya mashine na uingie tena Linux, sasisha kifurushi cha shim, ndipo urudishe Secure Boot. Kama una Windows yenye BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), uwe na ufunguo wake wa dharura kabla ya kugusa Secure Boot, Windows itauuliza.

Hatua ya 3: "grub rescue>" au "grub>"

GRUB imepatikana lakini haijui pa kuendelea. Mara nyingi patisheni imefutwa, imegawanywa au imehamishwa, na anwani aliyoachiwa haipo tena. Tofautisha mistari hiyo miwili, kwa sababu uwezo wake si sawa.

"grub rescue>" ni GRUB iliyokosa moduli zake. Inaelewa amri chache tu: ls, set, unset, insmod. Andika ls peke yake. Itajibu kitu kama (hd0) (hd0,msdos1) (hd0,msdos5). Diski huhesabiwa kuanzia 0, patisheni kuanzia 1. Jaribu moja baada ya nyingine:

ls (hd0,msdos1)/
ls (hd0,msdos5)/

Ukijibiwa "unknown filesystem", songa mbele. Ukiona boot, etc, home na usr, umefika. Kisha:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Kama /boot ina patisheni yake peke yake, njia inakuwa (hd0,msdos5)/grub, bila boot. Hapo ndipo wengi hukwama. Menyu ikitokea, ingia Linux kama kawaida, halafu usiondoke bila kuandika sudo grub-install /dev/sda na sudo update-grub. Ulichofanya kwenye mstari wa uokoaji hakihifadhiwi popote. Usipoandika hizo mbili, kesho utaanza upya.

"grub>" ina nguvu zaidi. Moduli zipo, kilichokosekana ni faili ya menyu. Hiyo ndiyo hali ya kawaida kwenye UEFI. Jaribu kwanza njia fupi:

configfile (hd0,gpt2)/boot/grub/grub.cfg

Kama faili hiyo nayo imepotea, pakia keneli kwa mkono:

set root=(hd0,gpt2)
linux /boot/vmlinuz-
(bonyeza Tab ikumalizie jina, kisha ongeza) root=/dev/sda2 ro
initrd /boot/initrd.img-
(Tab tena, toleo lilelile)
boot

Kwenye diski za NVMe, root inakuwa /dev/nvme0n1p2. Kibodi hapa ni ya Kimarekani, hata kama ya kwako imepangwa vingine, kwa hiyo alama kama mabano na mlazo zinaweza kuwa zimehama.

Faili ya grub.cfg usiihariri kwa mkono, kwa sababu update-grub huiandika upya kila keneli mpya inapoingia. Mipangilio ya kudumu iweke /etc/default/grub, kisha endesha sudo update-grub (Fedora: sudo grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg). Majaribio yafanye kwenye menyu: simama juu ya mstari wa Linux, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, badilisha, washa kwa Ctrl+X. Badiliko hilo ni la mara moja tu, kwa hiyo kukosea hakuna hasara.

Jaribio la kwanza kwa tatizo lolote baada ya GRUB liwe hili: bonyeza e, futa quiet na splash, washa. Picha nzuri ya kusubiria itaondoka na keneli itaanza kusema inachofanya. Nusu ya utafutaji huishia hapo.

Hatua ya 4: Keneli inaogopa, au unaishia kwenye "(initramfs)"

Keneli haijui yenyewe kila aina ya diski na mfumo wa faili. Draiva nyingi zimo kwenye moduli, na moduli zimehifadhiwa kwenye diski ileile ambayo keneli inataka kuifungua. Ufunguo umefungiwa ndani. Initramfs ndiyo inayolifumbua fumbo hilo. Ni kifurushi kilichobanwa, jina lake initrd.img, ambacho GRUB hukiweka kwenye RAM pamoja na keneli. Ndani yake mna draiva za kutosha kuifikia diski, programu ya kufungua patisheni zilizosimbwa, na hati ndogo iitwayo init inayofungua patisheni kuu, kuikabidhi kazi na kujiondoa.

Ukisoma

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

maana yake kifurushi hicho hakipo au hakikukamilika. Zile sufuri mbili zinasema keneli haikuona diski yoyote. Kwenye laptop nyingi taa ya Caps Lock huanza kupepesa. Chanzo cha kawaida ni patisheni ya /boot kujaa: keneli mpya iliingia, initrd yake ikakatika katikati. Rudi kwenye menyu, fungua "Advanced options", chagua keneli ya zamani. Karibu kila mara hiyo itawaka. Ukishaingia:

df -h /boot
sudo apt autoremove --purge
sudo update-initramfs -c -k 6.1.0-18-amd64
sudo update-grub

Namba ya toleo itoe kwenye ls /boot, usinakili hii. Keneli unayoitumia wakati huo usiifute. Jina lake hutolewa na uname -r.

Hali ya pili ni mstari wa "(initramfs)" na juu yake "ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!". Mfumo wa muda umewaka, umesubiri patisheni kuu sekunde 30 hivi, umekata tamaa. Uliza maswali mawili:

cat /proc/cmdline
blkid

Amri ya kwanza inaonyesha UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) inayotafutwa, ya pili zilizopo. Jibu huangukia sehemu tatu. Kama blkid haionyeshi diski yoyote, rudi Hatua ya 1: mpangilio wa RAID, kebo iliyolegea, au diski iliyokufa. Kama diski ipo lakini UUID ni nyingine, kuna aliyefomati au kunakili patisheni; washa kupitia e kwa kubadilisha UUID, kisha sahihisha /etc/fstab (orodha ya patisheni za kufunguliwa wakati wa kuwaka) na uendeshe update-grub. Kama UUID ni ileile, diski ilichelewa tu kuamka, jambo la kawaida kwa diski za USB. Andika exit iendelee, na ikijirudia ongeza rootdelay=60 kwenye mstari wa linux.

Hali ya tatu ndiyo inayowapata zaidi watu wa kompyuta za mezani zisizo na UPS, pale umeme unapokatika na kurudi mara tatu kwa dakika moja: "The root filesystem on /dev/sda2 requires a manual fsck". Mfumo wa ext4 una daftari lake la mabadiliko, na mara nyingi hujitengeneza wenyewe bila wewe kujua. Ukishindwa hukuomba mkono:

fsck -y /dev/sda2
exit

Lakini kabla ya kubonyeza Enter, soma mistari iliyo juu. Ukiona "I/O error, dev sda, sector" ikijirudia, usiendeshe fsck. Hapo hakijaharibika kitabu cha hesabu, bali diski yenyewe, na fsck itaifanyisha kazi nzito huku ikiandika juu ya sehemu zinazokufa. Zima mashine, washa kwa flashi, nakili diski nzima kwenda nyingine kwa ddrescue, ufanyie matengenezo nakala. Uzima wa diski unaupata kwa sudo smartctl -a /dev/sda. Kwenye diski za sahani, Current_Pending_Sector ikizidi 0 anza kutafuta nyingine.

Hatua ya 5: "You are in emergency mode"

Patisheni kuu imefunguka na systemd imeshika usukani kama mchakato namba 1. Inasoma default.target, ambayo kwenye kompyuta yenye dawati huelekea graphical.target, na kuwasha kila inachokitegemea, vingi kwa wakati mmoja.

Kinachoiangusha mara nyingi ni /etc/fstab. Mtu aliongeza diski ya pili, akaiandika humo, kisha akaichomoa au akaifomati. Utaona "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/..." huku saa ikihesabu hadi 1min 30s, kisha hali ya dharura. Kwa systemd, kila kilichoandikwa fstab ni cha lazima mpaka useme si cha lazima. Andika nenosiri la root, kisha:

systemctl --failed
journalctl -xb -p err
nano /etc/fstab

Mstari wa diski isiyokuwepo utangulize kwa alama ya #, au kama diski huja na kuondoka uandike hivi:

UUID=...  /data  ext4  defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10  0  2

Kabla ya kuzima hakikisha kwa findmnt --verify, halafu systemctl daemon-reload na mount -a. Mount -a ikinyamaza, kosa limekwisha. Tabia hii inafaa kila unapogusa fstab, hata siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Ubuntu, na Debian iliyosakinishwa bila nenosiri la root, hukwamia kwingine: "Cannot open access to console, the root account is locked". Mlango wa dharura upo lakini ufunguo hukupewa. Rudi GRUB, bonyeza e, kwenye mstari wa linux futa quiet splash, badilisha ro kuwa rw, na mwishoni ongeza:

init=/bin/bash

Washa kwa Ctrl+X. Utatua kwenye ganda la root bila kuulizwa chochote. Hariri fstab, au badilisha nenosiri ulilosahau kwa passwd ikifuatiwa na jina lako, kisha sync na exec /sbin/init mfumo uendelee kuwaka. Kwenye Fedora, ukibadilisha nenosiri kwa njia hii, andika touch /.autorelabel kabla ya kuendelea, la sivyo SELinux itakukatalia kuingia. Na ndiyo, yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta yako anaweza kufanya vivyo hivyo. Kinachomzuia kusoma faili zako ni usimbaji wa diski nzima, LUKS. Nenosiri la kuingilia halimzuii.

Hatua ya 6: Huduma zimewaka, kioo cheusi au unarudishwa kwenye nenosiri

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukipata mahali pa kuingilia kwa maandishi, mfumo ni mzima na ugomvi uko kwenye picha. Kioo cheusi baada ya keneli mpya au kadi mpya: jaribu nomodeset kwenye mstari wa linux, uingie, urekebishe draiva. Kama ni draiva ya NVIDIA na Secure Boot imewashwa, tafuta "Key was rejected by service" kwenye journalctl -b. Moduli haina saini inayoaminiwa.

Ukiandika nenosiri sahihi na kurudishwa palepale, anza na df -h, kisha df -i. Ext4 humtengea root asilimia 5 ya nafasi, kwa hiyo huduma za mfumo huendelea kuwaka kana kwamba hakuna shida, huku mtumiaji wa kawaida akishindwa kuandika hata faili moja ya kuanzishia dawati lake. Punguza:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=200M

Nafasi ikiwepo, angalia mwenye faili kwa ls -la ~/.Xauthority. Ikiwa ni root, kuna programu ya dirisha iliyowahi kuendeshwa kwa sudo. Futa faili hiyo, itaundwa upya.

Kuingia kwenye mfumo kwa flashi

Pale ambapo GRUB haipo kabisa, au initramfs zote ni mbovu, unauendea mfumo kutoka nje. Washa kwa flashi, kwa njia ileile ya UEFI au BIOS, na ufuate mpangilio huu bila kuuruka. Mfano una patisheni kuu sda2 na ya EFI sda1:

1. lsblk -f kuzitambua. Ikiwa imesimbwa: sudo cryptsetup open /dev/sda3 jina, ukitumia jina lilelile lililo kwenye /etc/crypttab ya mfumo huo. Ikiwa ni LVM, ongeza sudo vgchange -ay.
2. sudo mount /dev/sda2 /mnt
3. Kama /boot ina patisheni yake, iweke /mnt/boot sasa, kabla ya ile ya EFI.
4. sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
5. for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
6. sudo chroot /mnt
7. UEFI: grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=debian (Ubuntu: ubuntu). BIOS: grub-install /dev/sda, diski nzima, si sda2.
8. update-initramfs -u -k all
9. update-grub
10. exit, kisha anzisha upya na uchomoe flashi.

Ukijibiwa "EFI variables are not supported on this system", flashi imewaka kwa BIOS, au kwenye namba 5 ulitumia --bind badala ya --rbind na folda ya efivars haikufuata. Ukisahau namba 3, faili za GRUB na menyu zitaandikwa kwenye folda tupu iliyofunikwa, amri zote zitasema zimefaulu, na mashine itaendelea kugoma. Ukisahau namba 4 kwenye UEFI, grub-install italalamika kwamba /boot/efi si patisheni ya EFI, na hiyo angalau inasema ukweli.

Inawaka, ila inachukua dakika tatu

systemd-analyze
systemd-analyze critical-chain

Amri ya kwanza hugawa muda kwa hatua. Sehemu ya firmware ikiwa kubwa, shughulika na femwea: zima kuwaka kupitia mtandao na uondoe USB zisizohitajika. Systemd-analyze blame hupendwa zaidi lakini hudanganya kidogo, kwa sababu huduma huwaka sambamba. Iliyochukua sekunde 20 inaweza kuwa haikumchelewesha mtu. Critical-chain huonyesha zilizosubiriwa kweli. NetworkManager-wait-online ikiwa humo, na kompyuta haina folda za mtandao za kufungua wakati wa kuwaka, izime kwa sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service. Ukiona sekunde 90 kamili za kusubiri kifaa, soma tena fstab, safari hii ukianzia mstari wa swap (nafasi ya diski inayoisaidia RAM): UUID ya swap hubadilika kila unapoifomati upya. Kwenye Debian na Ubuntu hiyohiyo ya zamani huenda imebaki pia ndani ya /etc/initramfs-tools/conf.d/resume. Isahihishe, kisha update-initramfs -u.